Kizibo cha Saa Sita

Mpango wa kwanza niliuchora nyuma ya kalenda:
sahani ya duara, kalamu tatu za rangi,
nusu mboga, robo ugali, robo samaki.
Niliupandisha mjengoni, Milimani, ghorofa ya nne,
nikaubandika kwenye gunia la saruji.
Wafubwa, mwashi wa kutoka Bungoma, akauinamia,
akaugeuza juu chini,
akauliza, "Hili gurudumu ni la gari gani?"

Wakacheka hadi karai zikatua.
Nami nikacheka, ila kicheko changu kilikuwa na mchanga.

Nikaacha kufunza, nikakaa.
Siku tisa juu ya rundo la matofali
nikihesabu kinachoingia vinywani.
Soda, maandazi mawili.
Soda, maandazi mawili.
Nusu mkate, soda, sigara moja ya kupokezana.
Pembeni nikaandika: *hawajui.*

Rispa Nyangweso, anayepandisha maji kwa ngazi ya miti,
alisoma juu ya bega langu,
akaninyang'anya kalamu, akalikata neno.
"Nani hajui osuga? Mamangu aliichemsha,
akamwaga maji machungu, akailaza na maziwa hadi asubuhi.
Niambie wewe uliyesoma:
saa sita mchana mfuko wangu una nini?"

Ulikuwa na kitambaa, na ufunguo.

Malipo huja saa kumi na moja,
mkononi mwa Okumbe nyapara, yamekunjwa vidogo.
Njaa huja saa sita na haimjui Okumbe.
Katikati hapo, katika dakika zao ishirini,
anapita muuza maandazi anayewajua kwa majina.
Mwenye kibanda cha samaki
anawajua kwa madeni.

Mpango wa pili haukuwa na picha.
Ulikuwa na sufuria mbili, baiskeli ya kukodi,
na vizibo vya soda, vilevile vyao,
nilivyookota kwenye kokoto nikavisugua,
nikavipaka samawati iliyobaki kwenye milango.
Kizibo kimoja, bakuli moja.
Kula sasa. Jioni nirudishie kizibo na hela yake.

Maharagwe niliyatia omena ya kupondwa,
pembeni osuga, na kiazi kitamu na ganda lake.
Wafubwa akaonja kwa ncha ya kijiko
kama apimaye udongo wa plasta.
"Hiki hakikai. Saa tisa nitakuwa gunia tupu."
Nikaongeza ugali wa mtama, mweusi, mzito.
Chumvi tuliigombania wiki nzima;
tukaachana katikati, kila mtu amenuna.

Okumbe alitaka chake kwa kila kichwa.
Nilimpa bakuli. Akala amesimama,
akalirudisha, akauliza kama kuna lingine.
Hatujazungumzia tena habari ya vichwa.

Usinisifu. Ijumaa Wafubwa bado hununua soda.
Huinywa taratibu, macho yake kwangu,
kisha hunirushia kizibo:
"Shika, mpishi. Stoo yako imepungua."

Na kweli imepungua. Arobaini vilitoka,
thelathini na saba vikarudi.
Nilifika Nyalenda kumpelekea Rispa sufuria ya kuazima,
nikamkuta mwanawe mlangoni na gari la waya,
magurudumu matatu ya samawati,
la nne bado.
Rispa akatazama kando. Mimi nikatazama sufuria.

Mwezi ujao paa litafunikwa.
Wengine watakwenda Mamboleo, wengine Kakamega,
wengine wataketi kando ya barabara na mwiko kwenye mfuko
wakingoja wa kuwaita,
na saa sita itawafuata popote, bila sufuria.
Hilo sijalichora. Kalenda ipo, nyuma yake nyeupe.
Asubuhi naloweka maharagwe.